Wazee Wetu Wanaoona Pembeni Tu

Katika parokia zetu za Butembo na Beni wako wazee wanaosemwa vibaya bure. Mmoja anapita njiani bila kumsalimu mtu. Watu wanasema ana kiburi. Mwingine alikuwa msomaji wa Misa kwa miaka mingi, na sasa anakataa kusimama mbele ya kitabu. Watu wanasema imani yake imepoa. Wa tatu anasema hawezi tena kusoma hata herufi moja, lakini kuku akiingia jikoni, yeye ndiye wa kwanza kumwona na kumfukuza; watu wanacheka na kusema: «Huyu anajifanya kipofu.» Wa nne anaona watu wadogo waliovaa nguo nzuri wamekaa chumbani mwake, kumbe hakuna mtu. Hapo hawacheki tena. Wanataja uchawi.

Wapenzi wasomaji, mambo haya mane yote yaweza kuwa na sababu moja: ugonjwa wa uzee unaoharibu katikati ya macho na kuacha pembeni yake pazima. Padri, mseminari na katekista wanaingia katika nyumba nyingi, inafaa waujue. Tutaeleza kwanza ugonjwa wenyewe, kisha namna ya kuishi nao nyumbani na kanisani, na mwishoni tutasema juu ya yale maono yanayotisha watu. Lakini neno tunalotaka lishikwe kupita yote ni hili: ugonjwa huu unamwondolea mzee sehemu ndogo ya macho yake. Sehemu kubwa, yaani kazi yake, feza zake na nafasi yake katika mazungumzo, mara nyingi ni sisi tunaomwondolea.

I. UGONJWA WENYEWE

Waseminari wanaojua Kilatini watalifahamu jina lake upesi. Macula maana yake ni doa. Ndilo neno tulilo nalo katika jina la Mama Maria Immaculata, asiye na doa. (Tusilichanganye na makula ya mezani!) Nyuma kabisa, ndani ya jicho, kuna utando mwembamba uitwao retina, unaopokea mwangaza kama filmu ya zamani ilivyopokea picha. Katikati ya utando huo kuna sehemu ndogo yenye rangi ya manjano. Waganga waliiita macula lutea, doa la manjano. Upana wake ni karibu milimita 5 tu. Lakini sehemu hiyo ndogo ndiyo inayofanya kazi ngumu kupita zote: kusoma, kushona, kuchambua maharagi, kutambua uso wa mtu, kutofautisha noti za feza. Sehemu za pembeni zinaona mambo makubwa: njia, mlango, mti, na kila kitu kinachotembea.

Basi mtu akizeeka, yaweza kutokea kwamba chembe za doa la manjano zinakufa. Mtu akitaka kufahamu hali hiyo, abandike kipande cha karatasi katikati ya kioo cha dirisha, kisha atazame inje. Ataona kofia ya mpita njia na miguu yake, uso hatauona. Tena karatasi ya dirisha inabaki mahali pake, lakini doa la mgonjwa linamfuata popote anapoelekeza jicho. Akitaka kuuona uso wako, ndipo uso unapopotea. Akitazama ukuta ulio kando ya sikio lako, uso unarudi kidogo. Ndiyo sababu anaonekana kama mtu asiyekusikiliza. Na kuku? Kuku anatembea, tena anaingia kwa upande. Hapo jicho lake bado ni zima. Mzee wetu hasemi uongo.

Ugonjwa huu hauna maumivu. Jicho haliwi jekundu, wala halina doa jeupe linaloonekana kwa inje. Kwa hiyo majirani wanaona macho safi na kuzani kwamba mtu anadanganya.

Sababu ya kwanza ni umri: unaanza kuonekana baada ya miaka 50, na unazidi sana baada ya 70. Sababu ya pili ni damu ya jamaa: mtu ambaye wazazi wake au ndugu zake walikuwa nao yumo katika hatari zaidi. Sababu ya tatu ni tumbaku. Kusoma sana hakuleti ugonjwa huu. Hata kusoma karibu na taa ndogo hakuuleti. Wala hautoki kwa laana ya mtu. Wanafunzi wa Bwana walipomwona mtu aliyezaliwa kipofu, waliuliza ni nani aliyetenda zambi, yeye ao wazazi wake. Na Bwana alijibu kwamba si yeye wala si wazazi wake. Jibu hilo liko katika sura ya 9 ya Injili ya Yoane, na katika vijiji vyetu halijasikiwa na wote.

Wengine wanasema ni ugonjwa wa Wazungu tu. Sivyo. Upande wa Nakuru, katika inchi ya Kenya, waganga walipima macho ya watu zaidi ya 4,000 wenye miaka 50 na zaidi, katika mwaka wa 2007 na wa 2008. Walipochunguza picha za retina zao, waliona alama za mwanzo kwa watu karibu 11 katika kila 100, na ugonjwa uliokomaa kwa mtu karibu 1 katika kila 100. Watu wetu nao wanazeeka. Tusishangae kuuona Butembo, Beni, Lubero ao Oicha.

II. NAMNA MBILI ZA UGONJWA, NA DAWA

Kuna namna mbili. Ya kwanza ni kavu: chembe zinakufa polepole, kwa miaka mingi. Wagonjwa wengi, karibu 9 katika 10, wana namna hii. Ya pili ni ya majimaji: mishipa mibaya ya damu inaota chini ya retina, inavuja, na katika majuma machache tu mtu anaweza kupoteza uwezo wa kusoma. Namna kavu inaweza kugeuka kuwa ya majimaji.

Alama ya hatari ni hii: vitu vilivyonyoka vinaanza kuonekana vimepinda. Nguzo ya mlango inapinda, mistari ya kitabu inakuwa kama mawimbi. Muganga wa Uswisi, Marc Amsler, alitengeneza kipimo chepesi ambacho kila mwalimu anaweza kukiigiza. Chukua ukurasa wa daftari ya hesabu yenye miraba. Weka nukta nyeusi katikati. Mzee avae miwani yake ya kusomea, afunike jicho moja, ashike karatasi mbali ya sentimita 30 hivi, atazame nukta. Kisha afanye vile kwa jicho lingine. Mistari ikipinda, ao kipande kikikosekana, aende kwa muganga wa macho bila kungoja mwezi mwingine. Ni lazima kupima kila jicho peke yake, kwa sababu jicho zima linaficha ubaya wa lingine.

Kwa namna ya majimaji dawa ipo. Tangu mwaka wa 2005 na wa 2006 waganga wanatia ndani ya jicho sindano ya dawa inayozuia mishipa ile. Jicho linatiwa ganzi kwanza. Mojawapo ya dawa hizo, bevacizumab, ilitengenezwa kwa ajili ya kansa. Bei yake ni ndogo kupita nyingine, na Shirika la Afya la Dunia iliiandika katika orodha ya dawa za lazima mwaka wa 2013. Sindano moja haitoshi. Inarudiwa mara nyingi, kwanza kila mwezi. Inazuia ubaya usiendelee, na mara nyingine inarudisha kidogo. Lakini chembe iliyokwisha kufa haifufuki kwa sindano.

Kwa namna kavu hakuna dawa inayorudisha macho. Katika mwaka wa 2023 Marekani ilikubali dawa mbili za sindano zinazopunguza mwendo wake tu. Kuna vidonge vya vitamini C na E, zinki, shaba na luteini, vilivyochunguzwa huko Marekani. Matokeo yalitangazwa mwaka wa 2001 na wa 2013. Vinawafaa wale ambao ugonjwa umefika katikati ya safari yake, kwa kuchelewesha mwisho wake, haviponyi. Luteini imo pia katika majani mabichi kama sombe na lengalenga. Kula mboga na kuacha tumbaku ni shauri jema kwa kila mtu. Lakini yeyote anayemwuzia mzee chupa ya kumrudishia macho, huyo ni mwizi.

Hapa tunaongeza neno la hekima: sisi si waganga. Mzee asiyeona vizuri anaweza kuwa na mtoto wa jicho, ambao unaondolewa kwa operesheni na macho yanarudi. Anaweza kuwa na glokoma, inayokula macho kuanzia pembeni na inahitaji dawa ya kila siku. Anaweza kuwa na ugonjwa wa macho unaoletwa na inzi wadogo wa mito. Na watu wa Beni na Butembo wanakumbuka ile Ebola ya 2018 mpaka 2020: waliopona walihitaji kupimwa macho, kwa sababu ugonjwa ule unaweza kuacha uchungu ndani ya jicho, na katika mwaka wa 2019 kliniki ya macho ilifunguliwa Beni kwa ajili yao. Basi kazi yetu ya kwanza ni kumpeleka mzee apimwe. Tusimwambie «ni uzee tu» kabla muganga hajatazama. Tunajua kwamba safari ni ndefu, feza ni chache na barabara zetu mara nyingi hazina usalama. Kwa sababu hiyo shirika la wakristu lisimwachie jamaa mzigo huo peke yake.

III. KUISHI NYUMBANI

Tuseme sasa muganga amepima na kusema: ni doa la manjano, namna kavu, hakuna dawa ya kulirudisha. Je, mambo yamekwisha? Hapana. Hapo ndipo kujifunza kunapoanza.

La kwanza, kutazama kwa pembeni. Mgonjwa hawezi kuponya katikati, lakini anaweza kufundisha pembeni kufanya kazi. Aketi mbele ya mtu, karibu, mahali penye mwangaza. Afikiri kwamba uso wa yule mtu ni saa ya ukutani. Atazame saa 12 za juu, kisha 3, kisha 6, kisha 9, na kila mara aseme kama pua na macho ya mwenzake yanaonekana zaidi. Kila mgonjwa ana upande wake ulio bora. Akiupata, ajizoeze kila siku, dakika 10 asubuhi na dakika 10 mchana: nyuso, vikombe, herufi kubwa. Mwanzoni anachoka na kukasirika. Baada ya majuma mengi jicho linazoea njia hiyo mpya. Mjukuu wa miaka kumi anaweza kuwa mwalimu mzuri wa kazi hii, naye atajifunza uvumilivu.

La pili, mwangaza. Mgonjwa anahitaji mwangaza mwingi kupita mtu mwingine, lakini uanguke juu ya kazi, usimpige machoni. Akae mgongo kwa dirisha ao kando yake; taa iwe nyuma ya bega. Inje, kofia yenye ukingo mpana inamsaidia.

La tatu, ukubwa na ukaribu. Watu wanamkataza mzee kuweka kitabu karibu na pua, eti atamaliza macho. Ni uongo. Kitu kikiwa karibu kinakuwa kikubwa, wala hakiharibu kitu. Kuna kioo cha kukuza, na hata simu ya mkononi: kamera yake inakuza maandiko, na simu nyingi zinaweza kusoma kwa sauti.

La nne, rangi zinazopingana. Jicho lililobaki linatafuta tofauti. Bugali mweupe juu ya sahani nyeupe haumwonekani; juu ya sahani ya buluu unaonekana. Maziwa yaingie katika kikombe cheusi, kahawa katika kikombe cheupe. Maharagi mekundu yachambuliwe juu ya kitambaa cheupe. Ukingo wa ngazi na wa kizingiti upakwe chokaa. Mpini wa kisu ufungwe kitambaa chekundu. Mambo haya hayahitaji feza nyingi, na yanazuia kuanguka na kuungua.

La tano, mahali pa vitu. Kila kitu kiwe na mahali pake, na mtu yeyote asikihamishe bila kusema. Mlango uwe wazi kabisa ao umefungwa kabisa. Mlango uliofunguliwa nusu unapiga kipaji. Babula yenye moto ibaki kona ileile siku zote. Mama aliyepika miaka 50 anaweza kuendelea kupika, kwa pua, kwa sikio na kwa mkono. Binti anayemwambia: «Mama, kaa tu, nitafanya yote», anazani anamheshimu, kumbe anamzika kabla ya siku yake.

La sita, feza. Katika masoko yetu noti za Kongo na dola za Marekani zinapita mkono kwa mkono. Dola zote zina ukubwa mmoja: ya 1 na ya 100 ni sawa kwa vidole. Mzee achague namna ya kukunja: noti hii asiikunje, ile aikunje mara moja, nyingine mara mbili, kila namna mfuko wake. Anayempa feza ataje kila noti akiiweka mkononi. Na hapa zamiri zetu ziamke. Isaka, alipokuwa mzee na macho yake yamefifia, alidanganywa na mke wake na mwana wake mwenyewe, katika nyumba yake mwenyewe. Torati inakataza kuweka kikwazo mbele ya kipofu. Mtoto anayemwibia baba yake asiyeona noti vizuri hatendi uizi mdogo, na katika maungamo tusiuite mdogo.

La saba, salamu. Ukikutana na mgonjwa wa namna hii, usingoje akutambue, na usimjaribu kwa kuuliza: «Unanijua mimi nani?» Taja jina lako, tena kamili. Kwetu kusema «ni mimi Kambale» hakutoshi. Kila nyumba ina Kambale wake, kama ilivyo na Paluku na Masika wake. Sema: «Jambo baba, ni mimi Kambale, mwana wa fundi wa mbao, wa shirika lenu.» Na ukiondoka, sema kwamba unaondoka, asibaki akizungumza na kiti.

IV. KUISHI KANISANI

Katekista asiyesoma tena si katekista aliyekwisha. Mapadri Waasumpsio walipofika katika inchi yetu mwaka wa 1929, wengi wa babu zetu hawakujua kusoma, na imani iliingia kwa sikio na kwa moyo. Mtu aliyefundisha katekismu miaka 30 anayo ndani yake. Apewe kijana wa kumsomea somo jioni. Kesho yake atalifundisha bila kitabu, na labda vizuri kuliko yule anayeficha uso nyuma ya karatasi. Kama ni msomaji wa Misa, parokia imwandikie somo kwa herufi nene na kubwa, nyeusi juu ya nyeupe, mistari ikiachana, na alipewe siku chache mbele. Taa ya mahali pa kusomea iwekwe vizuri. Akishindwa kusoma, kuna kazi nyingine za kweli: kuongoza rozari, kutembelea wagonjwa, kupatanisha watu wenye ugomvi, kufundisha wachumba. Tunasema kazi za kweli, kwa maana mzee anatambua upesi kazi aliyopewa kwa huruma tu.

Na padri mwenyewe akipatwa? Zamani padri asiyeona vizuri alihitaji ruhusa ya kuadhimisha kila mara Misa ya Bikira Maria ao Misa ya wafu, aliyoijua kwa moyo. Sheria ya Kanisa ya mwaka wa 1983, katika kanuni ya 930, inasema wazi kwamba padri kipofu ao mgonjwa anaweza kutumia maandiko yoyote ya Misa yaliyokubaliwa, akisaidiwa, kama ni lazima, na padri mwingine, na shemasi, ao hata na mlei aliyefundishwa vizuri. Basi asijifiche. Ajifunze kwa moyo Sala moja ya Ekaristi mapema, wakati bado anasoma. Altareni nako rangi zisaidie: hostia nyeupe juu ya korporale nyeupe inapotea, juu ya patena ya zahabu inaonekana. Chupa ya divai na ya maji ziwe na umbo tofauti. Msaidizi aangalie vipande vidogo baada ya komunyo. Kwa Breviari, padri asihangaike na asiache kimya: azungumze na Askofu wake. Hakuna anayefungwa na lisilowezekana, na sala inayosikilizwa kutoka simu, ao rozari badala ya zaburi, ikikubaliwa na mkubwa wake, ni sala.

Kwa mkristu anayekuja kukomunika, padri ao mgawaji aseme maneno kwa sauti wazi, aweke hostia katikati ya kiganja mpaka mkono uisikie. Asimwonyeshe kwa kichwa ao kwa macho mahali pa kupita. Ishara hizo hazioni. Mtu wa kumwongoza atoe kiwiko chake, mzee akishike mwenyewe. Asimsukume kwa mgongo kama mzigo.

V. WATU WADOGO CHUMBANI

Tunafika sasa kwa jambo linaloweza kuharibu nyumba nzima. Wengine wenye ugonjwa huu wanaanza kuona vitu visivyokuwapo: nyuso, watoto, watu wafupi wenye nguo za rangi, wanyama, maua, kuta zenye mapambo. Wanaogopa kusema. Wakisema, mtu anatafuta mchawi ao anawapeleka kwa mwombeaji ambaye atapiga kelele usiku kucha, na mara nyingine anamtaja jirani ao mke wa kijana kuwa ndiye aliyetuma mizimu. Kutoka hapo kuna familia zinazovunjika, na kuna wazee wanaofukuzwa ao kupigwa.

Jambo hili linajulikana tangu mwaka wa 1760. Mwenye elimu mmoja wa Geneva, Charles Bonnet, aliandika habari za babu yake, Charles Lullin, mzee wa miaka karibu 90, mwenye akili timamu. Macho yake yalikuwa zaifu, naye aliona wanaume, wanawake, ndege, magari ya farasi na nyumba, mambo ambayo hayakuwapo. Hakuogopa, alijua kwamba si kweli, na yalimchekesha. Sababu ni nyepesi: ubongo uliozoea kupokea picha kutoka macho, sasa haupokei, nao unajichorea picha zake wenyewe. Kazalika mtu aliyekatwa mguu anaweza kusikia maumivu katika vidole visivyokuwapo.

Padri ao katekista akiitwa, aulize kwa utulivu maswali matatu. Watu wale wanasema neno? Kwa ugonjwa huu wanakuwa kimya kabisa. Mzee anajua kwamba si watu wa kweli, akielezwa vizuri? Kwa kawaida anajua. Akili yake kwa mambo mengine ni nzima? Kama majibu yote matatu ni mema, amtulize: «Baba, si wazimu, si uchawi, wala si wafu wako. Ni macho yako yaliyochoka.» Wengi wanalia kwa furaha wakisikia neno hilo tu. Amwonyeshe kufumba na kufumbua macho mara nyingi, kuhamisha macho upande huu na ule, kuwasha taa ao kusimama. Picha mara nyingi zinaondoka. Kwa wengi zinapunguka baada ya mwaka mmoja ao zaidi kidogo. Lakini kama kuna sauti zinazomwamuru, ao homa, ao mzee amechanganyikiwa na hajui siku wala mahali, apelekwe hospitali upesi. Hapo kuna ugonjwa mwingine. Kwa yote mawili, baraka ya padri ni njema na sala ni njema. Kutafuta mtu wa kushitaki ni zambi.

VI. MOYO WA MGONJWA, MOYO WA JAMAA

Tusijifanye kwamba mashauri haya yanaondoa uchungu. Asiyeona tena uso wa mke wake amepata hasara ya kweli, na ana haki ya kulia. Katika kitabu cha Tobiti tunasoma kwamba mtu huyo mtakatifu, alipopofuka, alilishwa na kazi ya mikono ya mke wake Ana, aliyefuma nguo. Siku moja Ana alileta mwana-mbuzi aliyepewa kama zawadi juu ya mshahara wake. Tobiti alisikia mlio tu, hakuona. Akazani ameibwa, akamlazimisha kumrudisha, na wote wawili wakaumizana kwa maneno. Kitabu kitakatifu hakikuficha ugomvi ule. Mtu asiyeona anashuku kwa urahisi; mtu anayemtunza anachoka. Padri anayewatembelea asiseme na mgonjwa tu. Amwulize na mke: «Na wewe, mama, unalala? Nani anakupokeza?» Shirika lipange zamu, hata mchana mmoja tu katika juma, ili mke aende sokoni ao apumzike.

Tena tusiseme mbele ya mgonjwa kana kwamba hayupo. Habari za nyumba na za shamba aulizwe kwanza yeye kama zamani. Radio iwe karibu naye. Kijana amsomee barua kwa siri anayostahili, bila kuitangaza kwa majirani.

Injili ya Marko inatupa habari ya kipofu wa Betsaida. Alipoguswa mara ya kwanza, aliona nusu tu: watu walimwonekana kama miti inayotembea. Bwana hakukasirika kwa jibu hilo, wala hakumwita mwongo. Alikuwa amemwuliza kama anaona kitu, akasikiliza jibu, kisha akaendelea na kazi yake. Sisi hatuna mkono ule wa kuponya, lakini swali lile tunaweza kuliuliza.

Kwa hiyo tunaomba jambo moja kwa kila msomaji wa gazeti hili. Kabla ya mwisho wa mwezi, fikiri mzee mmoja wa shirika lako aliyeacha kusoma, ao aliyeacha kusalimu, ao aliyeacha kuja. Mwendee mchana, taja jina lako, keti karibu naye penye mwangaza, umwulize: «Baba, unaona nini, na nini huoni?» Chukua ukurasa wa daftari yenye miraba. Kama mistari imepinda, msaidie kufika kwa muganga juma hilohilo. Kama ugonjwa ni wa zamani, msaidie kutafuta upande ambao jicho lake bado linaona. Kisha umwambie paroko ni kazi gani mzee huyo anaweza kurudishiwa, na siku gani ataianza.